Taarifa ya Fundi

Halifax ya Yorkshire, Novemba, mvua ya rasharasha.
Nimebeba drili, ngazi, na waya wa nyuzi sita.
Bibi Maureen Sugden kanifungulia
kabla sijabisha: alikuwa kasimama nyuma ya mlango.

"Nieleze," akasema, "kama unavyomweleza mtoto."

Basi nikaanza na mlango wa jikoni.
Sumaku hii inakaa kwenye ubao;
kwenye fremu, kijibomba cha kioo,
ndani yake vijiti viwili vyembamba kama sindano.
Sumaku ikisogea karibu, vijiti hugusana,
umeme ukapita, ukazunguka nyumba nzima
kama tasbihi isiyofika mwisho,
ukarudi kwenye sanduku chini ya ngazi
bila kusema neno. Huko kunyamaza ndiyo salamu yake.
Mlango ukifunguka, vijiti huachana.
Mwizi akikata waya, ni yaleyale: mzunguko umekatika.
Mashine hii haipigi kelele kwa kuona kitu.
Hupiga kelele kwa kukikosa.

Akaniangalia. "Namjua mtu wa namna hiyo," akasema.

Juu ya pembe ya sebule, jicho.
Halitoi mwanga, halipigi picha, hupokea joto tu.
Limekigawa chumba vipandevipande,
na joto likitoka kipande hiki likaingia kile, linashtuka.
Paka wake Biskuti, kilo sita,
akapita chini yake na kusamehewa.

Kisha namba nne. Sekunde thelathini
sanduku likilia ti, ti, ti.
Kwetu mgeni ndiye apigaye hodi, mara tatu,
asipojibiwa hurudi alikotoka.
Hapa nyumba ndiyo inayokupigia hodi wewe,
na usipojua la kujibu, inakuitia watu.

"Watu gani?"

Tulipojaribu, king'ora kililia dakika mbili
hadi meno yakaniuma.
Tarishi alikitazama kile kisanduku cha njano ukutani,
akaendelea na barua zake.
Jirani wa mkabala akavuta pazia.
Nikakumbuka Tanga, Barabara ya Kumi na Tano:
neno moja tu, "Mwizi!",
na mtaa mzima umeshafika, na mawe,
na mvulana yule hakuwa na kitu mkononi
ila kiatu kimoja, chake mwenyewe.
Sijui lipi baya zaidi. Sikumsimulia Maureen.

Nilimwambia hivi: sanduku linapiga simu,
simu inaingia chumba kimoja Wakefield kisicho na madirisha,
na mtu anayekesha humo anakupigia wewe.
Bibi Sugden, uko salama? Nitajie neno la siri.

"Mtu hasa? Si mashine?"
"Mtu hasa."
"Hata saa nane za usiku?"
"Hata saa nane."
Akamimina chai ya pili.
Neno la siri akachagua tangawizi.

Februari ofisi ikanirudisha.
Mara tano kwa wiki tano, king'ora cha bure;
kampuni inataka kujua kulikoni.
Nikapima sumaku: sawa. Betri: volti kumi na tatu.
Nikalipangusa jicho kwa kitambaa, ingawa lilikuwa safi.
Nikafungua kumbukumbu za sanduku,
ambazo hazijui kumsitiri mtu:
Jumapili, saa tatu usiku, mlango wa jikoni.
Jumapili, saa tatu na dakika mbili, mlango wa jikoni.
Na kila mara namba nne zimebonyezwa
muda mfupi tu kabla, na chumba cha kulala
hakikuguswa na joto la mtu.

Alikuwa akikata mkate, mgongo kanipa.
"Kijana wa Jumapili anaitwa Gareth,"
akasema bila kuulizwa.
"Mkewe yu karibu kujifungua."

Fomu ina mstari mmoja: Chanzo cha hitilafu.
Kalamu ilikuwa inagoma kwa baridi. Nikaipulizia.
Nikaandika: buibui.